Mikono ya Jumamosi

Msumeno ukinguruma, hakuitikia salamu ya mtu. Ungeweza kusimama mlangoni ukampa shikamoo, ukarudia, ukaondoka umenuna, naye asigeuze hata shingo. Macho yake yalikuwa pale mbao inapokutana na meno ya chuma, na hapo hayakubanduka mpaka kipande cha mwisho kimevuka, mashine imezimwa na meno yameacha kuzunguka. Ndipo alipojifuta unga wa mbao kwenye kope, akatazama mlangoni kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali, na kusema, "Marahaba. Ulisemaje?" Mara nyingi aliuambia mlango mtupu.

Nilifanya kazi naye miaka mingi katika karakana moja ya mbao kule Chang'ombe, enzi za Mwingereza, vita vimekwisha na mji unajengwa kila upande. Tulimwita Fundi tu, kana kwamba wengine mle ndani, maseremala na wapiga randa, hawakuwa mafundi. Mie nilikuwa mpokeaji wake. Nilisoma mpaka darasa la kumi, nikaajiriwa kuwa karani wa kupokea mizigo ya mbao kutoka Rufiji na Pugu. Lakini wiki ile ile mpokeaji wa zamani akaugua, nikaambiwa nishike nafasi yake mpaka apone. Alipopona alikwenda zake kwao. Nikabaki pale. Fundi hakuacha kuniita Karani, na sikujua kamwe kama ni heshima au kejeli.

Kazi yetu ilikuwa kupasua mbao kwa urefu. Palikuwa na meza ya chuma, katikati yake umechomoza msumeno wa duara, na mkanda mrefu uliotoka kwenye injini ya mafuta nje ya ukuta. Yeye alisimama mbele, akasukuma. Mie nilisimama nyuma, nikapokea. Kelele haikuruhusu maneno, kwa hiyo tulisemezana kwa kichwa na nyusi. Nilijua pumzi zake, nilijua bega lipi linamuuma siku za masika, nilijua amechukia kabla hajajua mwenyewe. Lakini ukiniuliza alipenda kula nini, sina jibu. Ukuta wa kelele ulikuwa kati yetu kutwa nzima, na ukishazimwa kila mtu alitaka kwenda kwao.

Mpokeaji ana amri moja: asivute. Mwanzoni nilivuta. Niliona mbao inakuja polepole, nami nina nguvu za ujana, nikaikamata na kuivutia kwangu nimsaidie mzee. Alizima mashine. Akazunguka meza taratibu, akaja akasimama mbele yangu.

"Karani, mkono wangu uko juu ya nini?"

"Juu ya mbao, Fundi."

"Ukivuta mbao, unavuta na nini?"

Nikatazama mikono yangu.

"Unavuta mkono wangu. Sasa mkono wangu unautaka wa nini? Wewe hujaoa, mie si mchumba wako."

Karakana nzima ilicheka. Jina la mchumba lilinifuata hadi Idi.

Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa mpole, wala hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua kwamba hakuna aliyempita kwa msumeno kuanzia Kinondoni mpaka Mbagala, na alisema hivyo mbele ya yeyote. Ulimi wake ulikuwa na meno kuliko mashine. Seifu, kijana wa Magomeni aliyekuwa akipanga mbao, alipooa alikuja kazini na pete nzito ya fedha. Fundi alimwita kando ya meza.

"Mkeo anataka pete au anataka kidole?"

"Anataka vyote, Fundi."

"Basi pete iache nyumbani, kidole ukirudishe jioni. Ukichanganya, utampelekea pete peke yake, tena kwenye kitambaa."

Seifu alivua pete, lakini alikuwa amekasirika, maana shemeji yake alikuwa mlangoni anasikia. Siku za Ijumaa, watu wakirudi kutoka msikitini na kanzu zao, Fundi aliwazuia wasikaribie meza, hata wawe wamekuja kuuliza jambo tu. "Kanzu ni ya Mungu," alisema, "lakini msumeno haujui." Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa sala, kanzu yake aliikunja ndani ya mfuko wa karatasi na kuitundika mbali kabisa, karibu na mlango.

Kabla ya kuwasha mashine alifagia. Si kufagia kwa kupitisha ufagio. Alifagia kama mwenye nyumba anayengoja wageni, asibakishe kipande ambacho mguu ungeteleza juu yake. Kisha akashusha msumeno mpaka meno yachungulie juu ya mbao kidogo tu. "Ukiupa kimo, unaupa njaa," alisema. Akabana reli ya chuma ambayo mbao hutembea imeiegemea, akaitikisa kuona kama imeshika. Mwisho akaweka kijiti chake cha kusukumia upande wa mkono wa kulia, akawasha, akangoja. Kungoja kule kuliwakera wengi. Alitaka sauti ya msumeno ipande mpaka itulie ndipo aupe mbao. Na aliposukuma hakusimama nyuma ya mbao; alisimama kando, ubavu umeipisha, kama mtu anayepisha gari njiani.

"Mbao ina kinyongo," alituambia. Hili alilisema mara nyingi kuliko yote. Mti, alisema, umesimama porini miaka na miaka ukisukumwa na upepo upande mmoja, umejikaza, umenyamaza. Wewe unakuja kuupasua katikati ndipo unatoa yaliyokuwa moyoni. Mbao nyingine inafunguka kama miguu ya koleo, hiyo haina neno. Nyingine inajifunga, inaubana msumeno, na msumeno haubaniki: unaitupa mbao irudi ilikotoka, kwa mwendo ambao macho hayauoni. Ndiyo maana usisimame nyuma yake. Na ndiyo maana nyuma ya msumeno palikuwa na bamba jembamba la chuma lililosimama wima kuuweka mpasuko wazi. Tuliliita kisu cha nyuma, ingawa halikukata kitu. Fundi alikuwa radhi afanye kazi bila chakula, lakini si bila kisu cha nyuma.

Siku moja tajiri mwenye karakana, Mwarabu wa Kariakoo, mtu mwema asiye na makuu, alimleta mgeni aone mashine. Akamwendea Fundi kwa nyuma akamgusa bega. Fundi hakushtuka. Alimaliza mbao yake mpaka mwisho, akazima, akangoja meno yasimame.

"Tajiri," alisema, "siku nyingine ukitaka kunishika bega, njoo nyumbani nikiwa nimelala."

Tajiri alicheka, na mgeni akacheka kwa kuwa tajiri amecheka. Tangu siku hiyo tajiri alingoja mlangoni kama sisi wengine.

Mtu huyu aliyeogopa kipande cha mbao sakafuni alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Alikaa Kipawa, mbali na kazini, na kila jioni alishika Barabara ya Pugu juu ya lile gari lake bovu, akilisimamisha kwa kukanyaga tairi la mbele na kandambili ya mpira wa gari. Mathayo, seremala wetu aliyetoka Songea, alimuuliza siku moja mbele ya watu: "Fundi, wewe mwenye hadhari, breki iko wapi?"

"Baiskeli haina meno," alijibu, akapanda, akaenda zake akiyumba katikati ya malori.

Alikula peke yake. Saa ya chakula sisi tulikaa nje kwenye magogo tukigombania muhogo na mzaha, yeye alikaa ndani, nyuma ya rundo la mbao, uso umeelekea ukutani. Tulidhani anatudharau. Aliwahi kuwa na mke, mke akaondoka. Nilisikia sababu kutoka kwake mwenyewe, siku injini ilipoharibika na karakana ikawa kimya isivyo kawaida. "Alisema nyumbani kwangu ni kama mashine haizimwi," aliniambia. "Ananisemesha, namsikia, jibu linanijia ameshalala." Akachukua jiwe la kunolea. Nikasema pole, akaniuliza pole ya nini.

Kuna Idi moja alitualika. Hakualika kwa maneno ya kueleweka. Ijumaa alisema tu, akiwa ameinama akifunga kamba ya mfuko wake, kwamba siku ya Idi nyumbani kwake kutakuwa na chakula, kwa mwenye nafasi. Kila mtu alikuwa na kwao. Nami nilikuwa nimealikwa na jirani yangu, nikala huko, nikapiga soga, ndipo alasiri nikamkumbuka. Nilipofika Kipawa nilimkuta uani. Alikuwa ametandika mikeka miwili, sahani zimepangwa kuzunguka sinia na kufunikwa kwa kawa, birika la kunawia liko tayari na taulo jipya juu yake. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu.

"Karibu, Karani. Wenzako mvua imewazuia."

Jua lilikuwa linawaka tangu asubuhi. Nilikaa, nikala tena juu ya shibe yangu, na yeye akanitazama nikila. Kesho yake kazini alikuwa mkali kuliko siku zote.

Sasa niseme habari ya mikono. Jumamosi tulitoka mchana. Kabla hatujatawanyika, mashine ikiwa imezimwa na kufunikwa gunia, Fundi alitutaka tuzunguke meza ya msumeno na kuweka mikono juu yake, viganja chini, vidole vimetanuliwa. Sote: wapiga randa, wapanga mbao, hata kijana wa injini aliyenuka mafuta. Alipita akitazama mkono kwa mkono kama mwalimu anayekagua kucha. Kisha aliweka ya kwake, mikubwa, mikavu, mizima. "Haya," alisema, "nendeni mkale nayo." Ndiyo ilikuwa kwaheri yetu ya wiki. Mwanzoni tuliona ni upuuzi. Baadaye hakuna aliyetaka kuondoka bila hiyo. Miaka yote aliyokuwa pale, hakuna aliyeweka mkono uliopungua.

Aliondoka mwenyewe, hakufukuzwa. Tulikuwa tunapasua mninga kwa ajili ya milango. Aliinama juu ya mbao ambayo haijawekwa mezani, akaitazama muda mrefu, kisha akaniita.

"Karani, mstari wa penseli uko wapi?"

Nilimwonyesha. Ulikuwa mweusi, wazi, nimeuchora mwenyewe.

"Mie siuoni," alisema.

Alitundika kijiti cha kusukumia kwenye msumari, akajifuta, akaenda kuzungumza na tajiri. Aliporudi alikuwa amebeba mfuko wake wenye kanzu. Ilikuwa katikati ya wiki, lakini aliweka mikono yake mezani, viganja chini, akatuonyesha. Kisha akasema, akitabasamu nusu: "Jumamosi moja moja mje Kipawa mnionyeshe ya kwenu."

Tulisema tutakuja. Nilikwenda mara moja, nikampelekea sukari. Nikakaa kidogo, nikaaga.

Mwaka uliofuata nilifungua karakana yangu Temeke. Ilikuwa ndogo, ya bati, yenye meza ya msumeno niliyoinunua imechakaa. Asubuhi moja niliondoa kisu cha nyuma ili nichimbe mifereji kwenye mbao za fremu, maana kingezuia mbao isiyopasuliwa kupita, na nilipomaliza sikukirudisha. Ilibaki mbao moja ya mvule ya kupasua. Hakuna aliyeniharakisha. Mteja hakuwapo. Nilikuwa na njaa, nikaona mbao moja ni mbao moja tu, nikasimama nyuma yake sawasawa na kuisukuma kwa mkono. Mvule ukajifunga. Sikuona mbao ikirudi, niliisikia kifuani. Na mkono uliokuwa juu yake ukaangukia pale mbao ilipokuwa. Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu. Sina wa kumlaumu, na sijawahi kumtafuta.

Tangu hapo sikwenda Kipawa. Nilikuwa na sababu kila wiki. Lakini sababu ilikuwa moja: nitamsalimu vipi? Kwetu mzee humpi mkono wa kushoto. Na wa kulia angeutazama. Nilihofia uso wake, nilihofia zaidi ulimi wake. Siku moja nilimwona kwa mbali kando ya Barabara ya Pugu, anatembea ameshika fimbo, baiskeli hana tena. Nilivuka barabara.

Sikuwa peke yangu. Seifu naye alikuwa ameanza kazi yake Magomeni, na msumeno ulimchukua dole gumba. Mathayo, aliyehamia Kinondoni, alipigwa na mbao tumboni mpaka akawa anatembea amejikunja. Tulikutana sokoni, kwenye msiba, mnadani.

"Umekwenda kwa mzee?"

"Bado. Wewe?"

"Nilitaka Jumamosi, pakatokea mambo."

Kila mmoja alitazama jeraha la mwenzake na kuaga. Miaka ilikwenda hivyo.

Kisha akaja mwanamke mmoja kuagiza mlango. Nilimuuliza nyumba iko wapi, akasema Kipawa, jirani na yule mzee fundi asiyeona.

"Unamjua?" aliniuliza.

"Nimemsikia."

"Maskini, kila Jumamosi anafagia uwanja na kutoa vigoda nje, anavipanga. Ukimuuliza anangoja nani, anasema watu wa kazini. Jioni anavirudisha ndani kimoja kimoja. Wanangu wanamcheka, nawapiga."

Nilipima mlango wake nikakosea, nikapima tena.

Jumamosi ile ile nilifunga kazi mchana nikaenda. Njia nzima niliuweka mkono mfukoni. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa mpaka alama za ufagio zinaonekana kama mistari ya kuchana nywele, na vigoda vilikuwa nje. Alikuwa amekaa barazani, amekonda, macho yamepata ukungu.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mie, Fundi. Karani."

Aliinamisha kichwa, kama alivyokuwa akingoja sauti ya msumeno itulie.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Lete mkono."

Nilimpa wa kulia. Aliushika kwa mikono yake yote miwili. Nilihisi dole gumba lake likipita juu ya vidole vyangu, likafika mahali palipo wazi, likasimama. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na nilisimama kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Mbao gani?"

"Mvule."

"Kisu cha nyuma kilikuwapo?"

"Nilikitoa."

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma yake."

"Aa." Hakuuachia mkono. "Uliuma?"

"Baadaye."

"Ndiyo. Huuma baadaye. Lini?"

Nilimwambia. Akakaa akihesabu miaka yake.

"Kumbe ndicho kilichokuzuia."

"Ndiyo, Fundi. Niliona haya."

"Na Seifu?"

"Dole gumba. La kushoto."

"Mathayo je?"

"Mikono yake mizima. Mbao ilimpiga tumboni. Naye anaona haya."

Aligeuza uso kwenye vigoda, ingawa hakuviona. "Mie nilijua ni ulimi wangu," alisema. "Nimekaa hapa nikitafuta ni neno gani. Seifu nikasema ni ile pete, nilimwaibisha mbele ya shemejiye. Mathayo nikasema labda nilimjibu vibaya habari ya baiskeli. Wewe ulinishinda. Wewe nilitafuta sana, Karani, sikupata."

"Hukunikosea kitu."

"Lakini nilisema mje mnionyeshe mikono. Ule ulikuwa mzaha. Nilikuwa naondoka, sina la kusema."

Alinipigapiga mgongo wa mkono, pale penye kovu, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha lala.

"Waambie waje," alisema. "Waje na walichobaki nacho."

"Nitakwenda kesho kuwatafuta. Jumamosi ijayo nitawaleta wote, Fundi. Nakuapia."

"La," alisema haraka. "Usiwalete wote siku moja."

"Kwa nini?"

"Wakija wote pamoja, Jumamosi ya pili nitakaa na nani?"